Chumvi, kloridi au mchanga? Tathmini ya dawa za barafu barabarani na mashine za kuzimwaga

Tuanze na hukumu. Chumvi ya mawe ya kawaida, ikiloweshwa kabla ya kumwagwa na ikimwagwa baada ya theluji kukwanguliwa, inaishinda karibu kila dawa ya bei kubwa inayouzwa kwenye mifuko yenye picha ya barafu inayopasuka, mradi uso wa barabara haujashuka chini ya nyuzi 9 hasi. Ukishuka zaidi ya hapo, kloridi ya kalsiamu inaanza kustahili pesa zake. Dawa nyingine zina mahali pake, lakini padogo. Na malalamiko mengi kwamba "dawa haifanyi kazi" hayatokani na dawa yenyewe. Chanzo ni mashine ambayo haijapimwa na kipimajoto ambacho hakijanunuliwa.

Nyuzi zote zinazotajwa hapa ni za Selsiasi, na ni za uso wa barabara, si za hewa. Usiku usio na mawingu lami hupoteza joto kwenda angani na inaweza kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Daraja ndilo baya zaidi, kwa sababu upepo hulipiga juu na chini na hakuna udongo wa kulipasha, kwa hiyo huganda wakati barabara inayolifikia bado imelowa tu. Anayeamua kwa utabiri wa redio peke yake anamwaga dawa kwa kubahatisha.

Pia inafaa kukumbuka kwamba dawa haikutengenezwa iyeyushe theluji yote. Kazi yake ni kuvunja mshikamano kati ya barafu na lami ili jembe la lori liinue kilichobaki. Hesabu ni rahisi. Theluji mbichi ya sentimita 10 ina takriban kilo 10 za maji yaliyoganda kwa kila mita ya mraba. Kwenye nyuzi 7 hasi, kilo moja ya chumvi inayeyusha kilo 8 na nusu hivi za barafu. Kuiyeyusha theluji hiyo yote kutahitaji zaidi ya kilo moja ya chumvi kwa mita ya mraba, wakati kipimo cha kawaida cha kazi ni gramu 10 hadi 40. Asiyekwangua kwanza anapoteza mzigo mzima.

Chumvi ya mawe: alama 4 kati ya 5

Nguvu yake inategemea joto kuliko watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 1 hasi, kilo moja inayeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 hasi ni kilo 8 na nusu, kwenye 12 hasi ni kilo 5 hivi, na kwenye 15 hasi ni 4. Kwenye maabara maji ya chumvi huweza kubaki bila kuganda hadi nyuzi 21 hasi, na namba hiyo ndiyo huchapwa kwenye mifuko kwa herufi kubwa. Ni kweli, lakini haina msaada barabarani. Inahitaji mchanganyiko wa asilimia 23.3 kamili na muda usio na kikomo, ilhali barabarani mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi kila barafu inapoyeyuka. Kumwaga chumvi tupu kwenye lami ya nyuzi 15 hasi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Chumvi kavu pia ni nzito kuanza. Punje haifanyi lolote mpaka ipate unyevu na kuyeyuka, na inapoyeyuka hunyonya joto kutoka kwenye barafu hiyohiyo. Hivyo kwenye baridi kavu punje hukaa tu, magari hupita, na matairi huzirusha pembeni kabla hazijafanya kazi. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na una tiba ya bei ndogo ambayo tutaifikia.

Unaponunua, angalia mambo matatu. Usafi uwe asilimia 95 au zaidi ya kloridi ya sodiamu. Punje ziwe za ukubwa mchanganyiko, kubwa zisizidi milimita 10, kwa sababu punje ndogo huanza kazi haraka na kubwa hutoboa barafu nene hadi chini, na mzigo wa vumbi tupu huisha nguvu mapema. Kisha uliza kama imetiwa dawa ya kuzuia kugandamana, ambayo kwa kawaida ni ferosianidi ya sodiamu kwa kiasi kidogo sana. Bila hiyo, rundo lililopata unyevu hugeuka mwamba, na mabonge yake yatakwama kwenye mlango wa hopa, yaani sanduku la mashine linalobeba chumvi, usiku unaoihitaji zaidi.

Hasara zake zinajulikana lakini husemwa kwa ujumla mno. Kilo moja ya chumvi ina takriban gramu 607 za kloridi. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, umeweka miligramu 230 za kloridi kwa lita kama kikomo cha kulinda viumbe wa maji matamu wanaoishi humo muda mrefu. Maana yake kilo hiyo moja inatosha kufikisha lita zaidi ya 2,600 kwenye kikomo hicho, na kloridi haiozi wala haichujwi na udongo. Zege nalo lina shida yake. Zege changa, lisilomaliza mwaka mmoja, lisimwagiwe chumvi kabisa; mchanga unatosha. Hata zege komavu hubambuka uso kama halikutengenezwa na vipovu vidogo vya hewa ndani yake, na kinyume cha matarajio, mmomonyoko huwa mbaya zaidi kwenye maji ya chumvi hafifu ya asilimia 3 hivi kuliko kwenye yale makali.

Maji ya chumvi, na kulowesha: alama 5

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na ndipo wakandarasi wengi wadogo hawajafika.

Kulowesha maana yake ni kunyunyizia maji ya chumvi juu ya chumvi kavu inapotoka kwenye konveya, mkanda au mnyororo unaoitoa kwenye hopa, kuingia kwenye sahani inayozunguka na kuirusha. Ujerumani kipimo kinachotumika sana huitwa FS30: kwa uzito, sehemu 70 chumvi kavu na sehemu 30 maji ya chumvi. Punje zilizolowa hunata kwenye lami na huanza kuyeyusha papo hapo. Jaribio la Michigan la miaka ya 1970, ambalo bado hutajwa sana kwenye fani hii, lilikuta takriban asilimia 70 ya chumvi kavu ikibaki barabarani na asilimia 96 ya ile iliyoloweshwa. Punguza kipimo chako cha chumvi kwa robo baada ya kuanza kulowesha, kisha angalia matokeo; kwa kawaida hakuna atakayegundua.

Kutengeneza maji yenyewe si kazi ngumu. Kwa kila lita 1,000 za maji weka kilo 304 za chumvi, utapata lita kama 1,100 za mchanganyiko wa asilimia 23.3. Tumia tangi ambalo maji yanaingia kutokea chini na kupanda kupitia kitanda cha chumvi, au zungusha kwa pampu mpaka punje zote ziishe. Kisha pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa majimaji ukilinganishwa na maji matupu: kwenye joto la nyuzi 15 hivi isome 1.176. Usikisie kwa ulimi au kwa rangi. Mchanganyiko wa asilimia 20 huanza kuganda kwenye nyuzi 16 na nusu hasi, kwa hiyo ukipungukiwa kidogo bado unafanya kazi. Kosa la upande wa pili ndilo linaloziba nozeli. Anayefikiri kwamba kali zaidi ni bora zaidi akajaza hadi asilimia 26, maji yake huanza kutoa fuwele yakikaribia sifuri tu. Atatoka asubuhi na kukuta pampu inanguruma na hakuna kinachotoka.

Chumvi ya mawe huja na udongo na vijiwe. Weka chujio kabla ya pampu na jingine kabla ya nozeli, na acha mchanganyiko utulie usiku mmoja kabla ya kuuvuta kutoka juu ya tangi.

Matumizi ya pili ya maji haya ni kuyapaka barabarani kabla theluji haijaanza, ili tabaka la kwanza lisiwahi kushikana na lami. Kipimo ni lita 95 hadi 140 kwa kila kilomita ya njia moja ya magari. Kwa njia ya upana wa mita 3.5 hiyo ni takriban gramu 7 hadi 11 za chumvi kwa mita ya mraba, yaani chini ya nusu ya kile ambacho kingehitajika kuing'oa barafu ikishagandamana. Nozeli ziwe za kutoa mkondo ulionyooka, zikipangwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, si zile za kupuliza ukungu. Mikondo huacha mistari ya lami kavu katikati ambayo matairi huishika. Ukungu hulowesha uso wote na upepo huupeleka mtaroni.

Usipake kama mvua itatangulia theluji, kwa sababu itaosha kila kitu. Usipake pia kama kuna upepo mkali na theluji kavu inayopeperuka, kwani theluji hiyo ingepita juu ya lami kavu na kwenda zake. Ukiilowesha lami umeiwekea gundi. Na kama uso uko chini ya nyuzi 9 hasi na unaendelea kushuka, liache jembe lifanye kazi.

Kloridi ya kalsiamu: alama 4, kwa baridi kali tu

Hii ndiyo dawa pekee kati ya zinazouzwa kwa wingi ambayo tungeiamini kwenye nyuzi 20 hasi. Inavuta unyevu kutoka hewani bila kusubiri, na inapoyeyuka hutoa joto badala ya kulinyonya, kwa hiyo hutoboa barafu kwa kasi ambayo chumvi haiwezi. Mchanganyiko wake wa asilimia 30 hivi hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 50 hasi.

Soma lebo vizuri kabla ya kulinganisha bei. Vipande bapa kwa kawaida vina asilimia 77 hadi 80 ya kloridi yenyewe, na vipunje vya mviringo karibu asilimia 94. Kilichobaki ni maji zaidi ya yote. Mfuko wa bei ndogo unaweza kuwa ghali ukihesabu dawa halisi. Ukishaufungua, umalize au uufunge kwa nguvu, maana hufyonza unyevu wa ghala na kugeuka tope ndani ya siku chache.

Hatari zake ni za kweli. Kwa kutengeneza maji yake, daima mimina dawa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya dawa, kwa sababu joto linalotoka huweza kuyarusha usoni. Vaa glovu na miwani. Na usiimwage wakati joto liko juu ya sifuri na hewa ina unyevunyevu: kwa kuwa haikauki, huacha utando wa utelezi juu ya lami isiyokuwa na barafu hata kidogo, na utakuwa umetengeneza ajali ulizokuja kuzizuia. Kwenye zege ina ubaya mwingine, kwani ikikolea hushikana na kemikali za saruji na kutengeneza fuwele zinazovimba na kupasua viungio.

Matumizi bora si kuimwaga tupu bali kuifanya maji ya kulowesha chumvi ya mawe pale joto likiwa kati ya 9 na 15 hasi. Chumvi hupata msukumo wa kuanza, na wewe hutumii kalsiamu nyingi.

Kloridi ya magnesiamu: alama 3

Iko katikati. Huvuta unyevu hewani kuanzia asilimia 33 tu, wakati chumvi ya kawaida inahitaji asilimia 75, kwa hiyo ni nzuri kuzuia vumbi kiangazi na kuanza kazi mapema wakati wa baridi. Kwa vitendo tungeiishia kwenye nyuzi 15 hasi hivi. Tatizo ni kwamba vipande vyake vikavu vina asilimia 47 tu ya dawa. Zaidi ya nusu ya mfuko ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ikinunuliwa kama majimaji kwenye tangi hesabu inakuwa ya haki zaidi.

Wauzaji husema ni laini kwa zege. Tusingesema hivyo. Magnesiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye gundi ya saruji, na kinachobaki hakina nguvu. Kwenye magari, majimaji yake hupanda ndani ya nyaya kupitia plagi zisizozibwa na kula shaba mbali na pale yalipoingilia.

Mifuko ya mchanganyiko yenye rangi: alama 2

Ya buluu, ya kijani, ya zambarau. Rangi ni ya kukuonyesha ulipokwisha kumwaga, na kwa kazi hiyo kwa kweli inasaidia. Lakini pindua mfuko usome. Mara nyingi utakuta kloridi ya sodiamu imeandikwa kwanza, na magnesiamu au kalsiamu mwishoni kwa kiasi kidogo, huku mbele ya mfuko ikidaiwa nyuzi ambazo ni kalsiamu tupu inayoweza kuzifikia. Kama asilimia hazijaandikwa kabisa, chukulia ni chumvi na ulipe bei ya chumvi. Maneno "rafiki wa mazingira" na "salama kwa wanyama" hayakuambii kilichomo. Baadhi ya mifuko hiyo ni yurea, ileile ya mbolea, ambayo huishia nyuzi 12 hasi hata kwenye maabara na hupeleka nitrojeni mtoni.

Asetati na fomati za potasiamu, dawa zisizo na kloridi, ni za viwanja vya ndege, ambako kloridi hairuhusiwi karibu na aluminiamu. Ni nzuri na ghali, na hata huko zina lawama ya kuharakisha kuungua kwa breki za kaboni. Kwa barabara ya kawaida ziache. Majimaji ya viazisukari yanayoongezwa kwenye maji ya chumvi hupunguza kutu na kuifanya chumvi ishike vizuri zaidi, ila yakiingia mtoni huoza na kula oksijeni ya samaki. Ni kiungo cha kuongezea, hayasimami peke yake.

Mchanga: alama 3, au 5 ukitiwa maji ya moto

Mchanga hauyeyushi kitu. Unatoa mshiko, basi. Unafaa kwenye baridi ambayo dawa zimeshindwa, kwenye barabara za changarawe ambazo dawa huzilainisha, kwenye vilima na makutano. Uwe wa mawe yaliyosagwa yenye pembe kali, milimita 2 hadi 5, bila vumbi. Mchanga wa mtoni wenye punje za mviringo ni kama kumwaga gololi. Ili rundo lisigande, changanya chumvi asilimia 3 hadi 5 ya uzito, wala si zaidi. Ule mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaopendwa na watu wa maegesho ni hasara pande zote mbili: chumvi haitoshi kuyeyusha vizuri, na mchanga unazama kwenye tope la barafu badala ya kukaa juu. Ukiona unahitaji vyote viwili mara kwa mara, tatizo liko kwenye kipimo chako cha joto.

Kwenye barabara ya mwendo kasi magari machache tu huufagia mchanga mkavu pembeni. Wanorwe walitafutia jambo hili dawa: mchanga huchanganywa na maji ya nyuzi 90 hadi 95, takriban asilimia 30 ya uzito, wakati wa kumwaga. Maji ya moto huyeyusha kidogo uso wa barafu, kisha kila kitu huganda pamoja na kubaki kama msasa juu ya barabara. Kwenye baridi inayodumu bila kuyeyuka, kazi ya mara moja inaweza kukaa siku kadhaa. Inahitaji lori lenye boila na tangi, na barafu ikiyeyuka mchana tu faida yote inaisha, kwa hiyo ni mashine ya nchi zenye baridi isiyokatika.

Mashine ya kumwaga

Kwa lori au pikapu, nunua inayojua mwendo wa gari. Hii ndiyo tofauti pekee kati ya mashine nzuri na mbovu ambayo tungeilipia bila kubishana. Mashine isiyojua mwendo hutoa kiasi kilekile kwa dakika, dereva akiwa mbioni au amesimama kwenye taa. Mfano: konveya inatoa kilo 14 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 20 kwa saa, upana wa kumwaga ni mita 3. Zidisha kilo kwa 60, gawanya kwa mwendo mara upana: 840 kwa 60, unapata gramu 14 kwa mita ya mraba. Dereva akipunguza hadi 10 kwa ajili ya kona, zinakuwa 28. Kwenye makutano zinakuwa rundo.

Kupima yenyewe kunachukua asubuhi moja kabla ya msimu. Jaza hopa nusu kwa chumvi utakayotumia, si ya mwaka jana. Ondoa sahani inayozunguka au izibe, tandika turubai chini. Fungua mlango kwenye alama ya kwanza, endesha konveya dakika moja kamili, pima uzito. Rudia mara tatu uchukue wastani. Fanya hivyo kwa kila alama ya mlango utakayotumia, kisha andika jedwali na ulibandike mbele ya dereva. Rudishia sahani, endesha mahali pakavu, na upime upana halisi inaporusha. Mara nyingi inarusha mita mbili zaidi ya njia, na hizo mita mbili ni majani ya jirani. Ukibadilisha aina ya chumvi au ukianza kulowesha, jedwali hilo halifai tena.

Kwa mashine ya kusukuma kwa mkono kanuni ni ileile. Mfuko wa kilo 25 kwa gramu 20 unatosha mita za mraba 1,250. Gramu 20 ni kama kijiko kikubwa cha mezani kilichojaa, na mtu akiziona juu ya zege hudhani hazitoshi, ndiyo maana mifuko huishia kwenye eneo la mita za mraba 200. Zikionekana punje kavu zimelala asubuhi baada ya barafu kuondoka, zilikuwa nyingi mno. Zifagie uzirudishe kwenye ndoo.

Kipimajoto na bledi ya jembe

Kipimajoto cha infraredi cha mkononi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ndicho chenye faida kubwa zaidi. Kasoro yake ni moja: kikitoka ndani ya kabini yenye joto husoma uongo kwa dakika 20 au 30. Kiweke nje kabla ya kuanza kazi. Kielekeze chini moja kwa moja, mbali na ekzosi na mbali na gurudumu, na pima sehemu tatu: katikati ya njia, kivulini, na juu ya daraja. Kile kinachofungwa chini ya kioo cha pembeni cha lori ni bora zaidi kwa sababu kinaonyesha mwelekeo. Nyuzi 3 hasi zinazopanda na nyuzi 3 hasi zinazoshuka zinahitaji maamuzi tofauti kabisa.

Kwa bledi, yaani makali ya chini ya jembe yanayokwangua lami, chuma cha kawaida huisha haraka kwenye lami lakini husamehe ukigonga mfuniko wa shimo. Bledi yenye vipande vya kabaidi, metali ngumu sana, hudumu mara nyingi zaidi, ila ni dhaifu kwa pigo: kipande kimoja kikivunjika, jirani zake hufuata na kuacha mfereji wa theluji katikati ya njia. Mpira ni wa maji ya theluji na maeneo yenye vigae, haung'oi barafu iliyogandamana. Zile zilizogawanywa vipande, kabaidi ndani ya mpira, hufuata mabonde ya barabara na hupunguza kelele na mtikisiko. Kwa barabara iliyochakaa ndizo tungezichagua, kwani kila theluji inayobaki bondeni ni chumvi ya kuongeza. Hakikisha springi za kuangusha bledi zinafanya kazi kabla ya theluji ya kwanza. Zikiwa zimeganda kwa kutu, kizuizi kitasimamisha lori zima.

Ghala na kuosha

Chumvi ikae juu ya sakafu ya lami au zege lililozibwa, chini ya paa, na maji ya kuoshea yasielekee kisimani. Rundo la nje lifunikwe turubai lililoshonwa vizuri na kukandamizwa. Mvua moja ya usiku huondoka na chumvi uliyokwisha kulipia.

Usiache chumvi ndani ya hopa baada ya zamu, hata kama utaitumia kesho, kwa sababu itagandamana juu ya konveya na mnyororo utakatika unapowashwa. Toa yote, osha kwa maji ya kutosha, paka mnyororo mafuta na bearingi grisi, na plagi za umeme zijazwe grisi ya kuzuia maji. Hopa za chuma cha pua na za plastiki hustahimili zaidi, ingawa boliti na fremu zake mara nyingi ni chuma cha kawaida na hapo ndipo kutu huanzia. Mwisho wa msimu pitisha maji matupu kwenye pampu na nozeli, kisha jaza propilini glikoli, majimaji ya kuzuia kuganda. Pampu iliyoachwa na maji matupu hupasuka kwenye baridi ya kwanza, jambo ambalo maji ya chumvi yaliyooshwa humo yasingelifanya.